Chumvi ya Mkopo

Daftari langu ni la shule, kurasa tisini na sita,
na kila ukurasa una mtu ninayemjua kwa kikohozi chake.
Nafungua duka saa kumi na moja alfajiri, hapa Gongoni,
kabla lori la vibarua halijapiga honi,
kwani aendaye chumvini hunywa chai kwanza
na hulipa Jumamosi,
Jumamosi ikipenda.

Kitsao wa Mwagandi: sukari robo, majani, kiberiti.
Kitsao tena: mafuta ya taa ya hamsini.
Kitsao tena, na hapa kalamu ilisita:
chumvi, pakiti moja.

Mtu huyu ana mwaka wa kumi na tisa akiikwangua ile nyeupe.
Nyayo zake zimepasuka kama tope la vidimbwi,
na kila ufa una chumvi yake ndani.
Anayoikusanya hupanda lori, huenda Mombasa,
huoshwa, husagwa, huvikwa karatasi yenye mama anayecheka,
kisha hurudi dukani kwangu ina jina na bei,
kama kijana aliyesomeshwa kwa harambee
akapita bila kuamkia.

"Mbeyu, niandikie," akasema, akacheka.
Nami nikacheka. Tungefanyaje?
Nikaandika.

Mwalimu Famau wa darasa la nne
hakuajiriwa na serikali, ameajiriwa na wazazi,
na wazazi wote wamo humu.
Akikosa mshahara, ukiufuata uzi
utaukuta umefungwa kwenye mguu wa kaunta yangu.

Dama, muuguzi wa zahanati, hukopa Panadol, vidonge sita sita.
Miezi miwili nilidhani anaumwa kichwa.

Machi walikuja vijana watatu wenye fulana za rangi moja,
na simu kubwa kama sinia.
"Mama, mapato yako kwa mwezi?"
Nikauliza: yaliyoingia, au yaliyoandikwa?
Kijana akakitazama kioo chake, akakisugua kwa kidole.
Hapakuwa na kisanduku cha jibu hilo.
Akabonyeza sufuri, akashukuru,
akanunua soda, akatoa noti,
na mimi sina chenji.
Akasema atapitia kesho.
Basi ukurasa wa mwisho, kwa mwandiko wangu, unasema:
Mimi Mbeyu nadaiwa na maendeleo shilingi kumi.
Hajapita.

Tajiri wa jumla kule Malindi mjini naye ana daftari,
na humo mimi ni ukurasa mmoja tu, tena si wa mbele.
Yeye naye, nasikia, ni ukurasa wa benki.
Redio yasema nchi nzima imeandikwa mahali,
watoto waliomo tumboni pia wameandikwa,
na mwenye duka hilo hakai Gongoni,
hamjui mtu kwa kikohozi.

Jana magharibi Nyevu wa Kitsao alitumwa unga.
Akasimama upande wake wa kaunta, kidevu juu ya mbao,
akinitazama ninavyoandika.
"Shangazi, hapa umekosea.
Chumvi ya baba umeiandika mara mbili."

Nikaangalia. Kweli.
Juzi moja, jana yake moja, na pakiti ilikuwa ile ile.
Nikaikata moja kwa mstari, mbele ya macho yake,
na naapa duka lilipumua.

"Nani kakufunza kusoma maandishi yaliyopinduka?"
"Sisi tuko wanne kwa kitabu kimoja," akasema,
"mimi hukaa upande wa juu.
Mwalimu Famau hutuzungusha,
lakini mimi nimeshazoea."

Akaenda na unga wake kichwani.
Nikafungua ukurasa wa Mwalimu Famau:
mkate, sabuni, mkate, chaki mbili,
chaki, jamani, kwa mkopo,
na nikaukalia kimya mpaka taa ikaanza kufifia,
kalamu mkononi,
sijui niongeze nini, sijui nifute nini.